Chuma cha Ufipa Mbele ya Makumbusho ya Dhahabu

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 jumba la British Museum mjini London lilifungua maonyesho ya sanaa ya Afrika Kusini, tangu michoro ya kale ya miambani hadi kazi za wasanii walio hai. Katika yote yaliyowekwa humo, kilichozungumzwa kuliko vingine ni kifaru mdogo wa dhahabu. Kiwiliwili chake kilichongwa kwa mti, kikavikwa bati jembamba la dhahabu lililopigiliwa kwa misumari ya dhahabu midogo mno, kisha akazikwa pamoja na mkubwa wake juu ya kilima cha Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, katika karne ya 13. Alifukuliwa katika miaka ya 1930. Kwa kuwa kuwapo kwake kuliwaumbua waliodai kwamba nchi ile haikuwa na ustaarabu kabla ya wao kuifikia, hakupewa nafasi ya kuonekana na umma kwa miongo mingi.

Mwaka 2024 yalifuata maonyesho mengine, safari hii katika jumba la makumbusho la kasri ya Manhyia mjini Kumasi, Ghana. Vito na mapambo ya dhahabu ya wafalme wa Asante, ambavyo vingi vilitekwa na majeshi ya Waingereza katika vita vya mwaka 1874, vilirejea nyumbani kwa mkopo wa miaka mitatu. Mwenye mali kuazimwa mali yake ni jambo ambalo mafakihi wa pwani wangelijadili tangu alasiri hadi isha. Hata hivyo watu wa Kumasi walijipanga kwa furaha kuvitazama.

Dhahabu ina bahati hiyo. Haili kutu, haiozi, haiungui ikawa majivu. Inapotoka kaburini baada ya miaka mia saba hung'aa kama iliyotoka kwa sonara jana. Kwa hiyo taifa linapotaka kujionyesha kwa mataifa mengine, hutafuta kwanza dhahabu yake ya kale. Watu wa pwani wanalielewa jambo hili. Kilwa ilineemeka kwa dhahabu iliyoshuka Sofala, na Ibn Battuta aliyeitembelea mwaka 1331 hakuacha kutaja biashara hiyo. Lakini ardhi ya Kilwa yenyewe inapochimbwa, kinachookotwa kwa wingi ni sarafu za shaba. Dhahabu ilipita, waliobaki na magofu ya Husuni Kubwa wanabaki kusimulia kwamba ilipita.

Tanzania nayo imewahi kuonyeshwa. Mwaka 1994, mjini Berlin na kisha Munich, yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania, yaliyopewa kwa Kiswahili jina la Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Wengi waliozoea kuambiwa kwamba nchi hii haina sanaa ya kale isipokuwa vinyago vya biashara walipigwa na butwaa. Vilivyoonyeshwa ni mti uliochongwa: viti vya enzi, sanamu, vinyago vya ngoma. Vingi vilikuwa vimeondoka nchini zamani, wakati wa utawala wa Wajerumani, navyo vilikaa ughaibuni kwa miaka mingi bila kuonekana na wajukuu wa wachongaji.

Katika mazungumzo ya aina hii Ufipa haitajwi ila kwa nadra. Dhahabu ya kale haina. Dhahabu iliyo karibu nayo ni ile ya Lupa, upande wa pili wa ziwa Rukwa, iliyogunduliwa mwaka 1922 na kuvuta watu kutoka kila upande. Mti wa kuchongwa upo, lakini sio uliowapa Wafipa jina. Kazi yao kubwa ilikuwa chuma, na chuma kina mkosi wake katika makumbusho, mkosi unaostahili kuelezwa.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maji mawili. Magharibi ni ziwa Tanganyika, mashariki ni bonde la ufa lenye ziwa Rukwa, na katikati ni nchi ya juu, ya nyasi na upepo, ambako mji wa Sumbawanga umekaa kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,800. Jina la mji wenyeji hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Mgeni atokaye pwani, akifika mwezi wa Juni au Julai, hustaajabia baridi kabla ya kustaajabia kitu kingine chochote. Baadaye, akitoka mjini kuelekea Nkasi na kuacha barabara kuu, huona kando ya mashamba minara ya udongo mwekundu, mirefu kuliko mtu, mipana chini na myembamba juu. Mingine imesimama mizima, mingine imepasuka ubavu, mingine imebaki duara la udongo uliobabuka kwa moto. Asiyejua hudhani ni vichuguu vya ajabu, na kudhani kwake si kosa kabisa, kwani udongo wake umetoka katika vichuguu. Wafipa huita mnara mmoja ilungu, na mingi malungu. Ni matanuri ya chuma.

Ilungu lilijengwa lifikie mita tatu au zaidi, nalo halikuhitaji mivukuto. Chini lilizungukwa na matundu yaliyotiwa mabomba ya udongo, na juu lilikuwa wazi. Moto ukishakolea, hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na kwa kutoka kwake huivuta hewa baridi iingie kwa matundu ya chini, hivyo mnara hujivutia pumzi wenyewe usiku na mchana bila mkono wa mtu. Makaa na mbale, yaani mawe yenye chuma, vilimiminwa kwa tabaka kutokea juu. Baada ya siku kadhaa moto ulipokufa, mlango wa chini ulibomolewa na bonge likatolewa, zito, jeusi, lenye vinyweleo, chuma kikiwa kimeshikamana na mavi ya chuma.

Kwa kawaida husemwa kwamba watu hawa waliyeyusha chuma. Kwa hakika chuma chenyewe hakikuyeyuka. Dhahabu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,064, ilhali chuma hungoja mpaka 1,538, na ilungu halikufika huko. Kilichoyeyuka ni takataka iliyokifunga, nayo ikachuruzika. Chuma kilibaki kigumu, kikijikusanya chembe kwa chembe ndani ya makaa. Dhahabu mtu aweza kuiokota mtoni imeshakuwa dhahabu, lakini chuma hakiokotwi. Hutolewa ndani ya jiwe na mtu ajuaye ni jiwe lipi, makaa ya mti gani, kiasi gani na kwa siku ngapi, na maarifa hayo hayaonekani kwa macho hata ukilitazama jembe mwaka mzima.

Hapo kazi ya Wafipa ilikuwa haijaisha. Bonge lile lilivunjwavunjwa na kutiwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapa ndipo mivukuto ilipotumika. Moto wa kintengwe ulikitakasa chuma mpaka kikafaa kufuliwa. Matanuri mawili kwa chuma kimoja, la kwanza la upepo na la pili la mivukuto, ni utaratibu usio wa kawaida hata katika Afrika yenye mafundi wengi wa chuma, na ndio uliowavuta wataalamu kuja Ufipa kwa zaidi ya miaka mia.

Ilungu lilihesabiwa kuwa ni mwanamke, tena bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na fundi mkuu alizika chini yake dawa alizozitoa katika kikapu chake alichokirithi. Muda wa kazi mafundi walijitenga na wake zao, kwa kuwa waliposimama mbele ya ilungu walikuwa waume wa mwingine, na uzinifu ungeliharibu tumbo lake. Chuma kilikuwa mtoto. Msomaji anayejua namna washairi wa pwani walivyouita mtepe na jahazi kwa majina ya wanawake hatastaajabu. Kitu kinachobeba maisha ya watu ndani yake ni vigumu kukiita vinginevyo. Tofauti ni kwamba kwa Mfipa huu haukuwa ushairi. Ulikuwa sehemu ya ufundi, sawa na makaa, na fundi aliyeuacha hakutarajia chuma.

Ufalme wa nchi hii nao, kwa namna mojawapo unavyosimuliwa, ulianzia kwa kitu ambacho makumbusho yoyote yangekipenda: kigoda. Katika kilima cha Milansi alikaa Ntatakwa, mtawala wa kwanza. Siku alipokuwa mawindoni walifika wanawake wageni kutoka mbali, na mkewe, ingawa alikuwa ameonywa, akawapa kigoda cha enzi. Ntatakwa aliporudi jambo lilikuwa limekwisha. Yakafanyika mapatano: wageni, ndio ukoo wa Watwa, wakapata nchi, na Milansi ikabaki na kilima chake na heshima ya ukuhani. Baadaye Watwa nao waligawanyika, zikawa himaya mbili, Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyapima masimulizi haya kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu kuundwa kwa dola hiyo. Wafalme wakabadilika, lakini moto wa malungu haukungoja ruhusa ya ukoo wowote. Kigoda kikimtoka mwenyewe, uhunzi hubaki.

Na uhunzi ulikuwa na kazi ya kufanya. Mkulima wa Kifipa hakwatui ardhi juu juu. Hukata nyasi, akazirundika na kuzifunika kwa udongo, likawa tuta la mviringo liitwalo ntumba. Nyasi huoza ndani, tuta hupandwa, na msimu unaofuata hubomolewa na kutandazwa ili ulezi upate rutuba. Ni kilimo cha watu walioamua kukaa mahali pamoja, nacho kinadai jembe zito, tena majembe mengi. Jembe lililima, jembe lilitolewa mahari, jembe lilibadilishwa kwa chumvi na mbuzi. Likilimia miaka, ncha yake huliwa na udongo mpaka linabaki kipande, na kipande hurudi kwa mhunzi kikafuliwa kisu au mshale. Hii ndiyo sababu ya mkosi uliotajwa. Dhahabu ya Mapungubwe iliokoka kwa kuwa ilizikwa na maiti ikaachwa. Chuma cha Ufipa kilitumiwa na walio hai mpaka kikaisha. Mtu akiuliza hazina ya Wafipa iko wapi, jibu la kweli ni kwamba imo ndani ya udongo wa mashamba, imesagika, na watu walikula mazao yake.

Pwani ina sababu ya kulisikiliza jambo hili kwa makini. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika kasri ya mfalme wa Sicily, aliisifu nchi ya Zenji kwa chuma chake, akaeleza kwamba kilipelekwa Bara Hindi na kupendwa huko. Chuma hicho kilikuwa cha nchi za karibu na bahari, na hakuna haja ya kukinasibisha na Ufipa. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kulikuwa na zama ambapo sifa ya watu hawa ng'ambo ya bahari haikuwa dhahabu na pembe peke yake. Sifa hiyo imesahauliwa na wenyewe kabla ya kusahauliwa na wageni.

Kulikuwa pia na nguo. Wafipa walilima pamba na kufuma vitambaa vizito vya mkono vinavyoitwa seketa. Livingstone, aliyepita nchi hiyo mwishoni mwa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa kwake, aliandika habari za pamba na ufumaji alioukuta. Kilichoushinda ufumaji huo kilitoka pwani. Misafara iliyoondoka Bagamoyo na kufika ziwa Tanganyika ilibeba merekani, nguo ya viwanda vya Marekani iliyoingia kwa bandari ya Unguja, nyepesi na rahisi. Majembe ya viwandani yakafuata njia ileile. Si haki kuwalaumu wachukuzi kwa waliyoyabeba vichwani, wala mama wa Kifipa kwa kununua kilicho rahisi. Hata hivyo mwana wa pwani anayelitazama ilungu lililobomoka anatazama upande wa pili wa biashara iliyojenga nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe.

Matanuri hayakuzimika kwa siku moja. Mwaka 1914 Wyckaert, padre wa shirika la White Fathers, alichapisha makala kwa Kifaransa juu ya wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika, na anwani hiyo peke yake inaeleza mengi: moto ulikuwa bado unawaka, ila waliouwasha walikuwa wamegawanyika juu ya maneno ya kuuombea. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa Kiingereza aliandika tena juu ya kazi hiyo, na mwingine mwaka 1958, na kila aliyefuata alikuta wazee wachache zaidi. Mwishowe mafundi walikuwa wakiombwa kuwasha tanuri ili waangaliwe, jambo ambalo halikuwapo wakati ambapo kijiji kilihitaji majembe.

Aliyelipa jambo hili heshima kubwa ni Mtanzania, Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye hakuridhika na masimulizi ya ilungu moja. Alitembea nchi ya Nkansi akihesabu matanuri na kupima mavi ya chuma, akaonyesha kwamba Ufipa haikuwa na ufundi mmoja bali mitatu: malungu ya uwandani, matanuri mafupi ya namna iitwayo katukutu, yaliyo ya kale zaidi, na ufundi wa Barongo, ulioletwa na wahunzi waliohamia kutoka kaskazini. Kitabu chake juu ya uhunzi wa Wafipa kilitoka mwaka 2010. Hapa pana kichekesho cha historia. Hao Barongo asili yao ni upande wa Geita, nchi ambayo leo, tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, hutajwa kwa dhahabu tu. Watu waliokanyaga dhahabu walisafiri kwenda mbali kwa sababu ya ujuzi wao wa chuma.

Makumbusho za ulimwengu zimeanza kukitambua chuma. Kati ya mwaka 2018 na 2020 maonyesho makubwa ya sanaa ya wahunzi wa Afrika yalizunguka kutoka Los Angeles hadi Washington na kuishia Paris, yakiwa na vitu zaidi ya 200, na mmoja wa waliyoyaandaa, Tom Joyce, ni mhunzi wa kazi. Ilikuwa sahihi mhunzi kuwachagulia wahunzi. Waliotembelea waliona majembe yaliyofuliwa kwa uzuri ambao hakuna mkulima angethubutu kuutia tope, fedha za chuma, mikuki, na ala za muziki. Lakini tanuri halipandi ndege. Ilungu likikatwa vipande na kusafirishwa huwa kifusi. Thamani yake ni kusimama pale liliposimama, karibu na kichuguu kilicholizaa na mavi ya chuma liliyoyatapika. Makumbusho ya Ufipa hayawezi kuwa popote ila Ufipa.

Swali basi ni nani alilinde hapo lilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mipaka kwa tarehe: vyombo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Milango ya nakshi, fahari ya miji ya pwani, ilipewa nafasi pana zaidi, mpaka mwaka 1940. Mengi ya malungu yanayosimama leo yalijengwa mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa ile ya 20, maana udongo mbichi haudumu sana katika nchi ya mvua. Kwa kipimo hicho yamezaliwa yamechelewa. Waziri aliruhusiwa kutangaza kitu chochote kuwa kumbukumbu ya taifa, na njia hiyo ipo, lakini inadai mtu wa kuyaombea, na malungu hayana mtu wa kuyaombea isipokuwa wasomi wachache na wenye mashamba. Ni ajabu kwamba mlango wa tajiri ulihifadhiwa hadi mwaka 1940 na tanuri lililolisha kijiji halikuvuka 1886. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na miji ya mawe akilini, na mlango wa nakshi ni mzuri, hapana anayebisha. Lakini tezo na patasi zilizouchonga zilianzia mahali fulani, ndani ya moto wa mtu fulani.

Wakati huo huo mambo yanaendelea uwandani. Mvua za masika hulamba ubavu mmoja wa mnara, ule unaoelekea upepo, mpaka ufa unatokea. Mchwa wanarudi katika udongo uliokuwa wao, wanaanza kujenga ndani kwa ndani, na baada ya miaka michache haijulikani ni wapi ilungu limekwisha na kichuguu kimeanzia. Udongo uliochomeka chini ni mgumu, nao hufaa kwa msingi wa nyumba. Msimu wa kulima unapofika, jembe la kiwandani hugonga kitu kikalia, na mwenye shamba huinama, akakiokota: pande la mavi ya chuma, zito kuliko jiwe la ukubwa wake, lenye mng'ao mweusi kama kioo pale lilipovunjika. Hulitupa mpakani, palipo na rundo la mengine kama hayo, kisha hurudi kwenye ntumba yake.